Nyamusi na Samaki "Mbaya"

Beverlyne amemshika Nyamusi aproni hapa sokoni Rangwe: "Kwa nini unaambia wateja samaki yangu ni mbaya? Mwezi mzima!"

Wewe, Nyamusi haelewi kitu. Ni Mkisii, duka lake lilichomeka Machi, akaja kuuza samaki kando ya Beverlyne bila kujua Kijaluo.

"Dada, mimi naita tu samaki."

"Unaitaje?"

"Rach. Rach ni ka."

Mwenzangu. Samaki ni rech. Rach ni mbaya. Mwezi mzima mama wa watu amesimama hapo akitangaza "mbaya iko hapa", na mkono umeelekea beseni la Beverlyne. Mwezi mzima.

Soko likavunjika mbavu. Nyamusi akatazama beseni lake. Angefunga virago pale pale, nani angemlaumu?

Akavuta pumzi. "Moto ulikula duka sikurudi kwetu. Sasa herufi moja ndiyo inirudishe?" Akawageukia wateja: "Rech ni ka. Rach ni mimi mwenyewe, njooni mnunue."

Beverlyne akajaribu kununa, akashindwa. Akasogeza kiti, akafunua sufuria ya ugali.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, keti tule, kabla hujatangaza na chakula changu."