Imakolata kwenye ngoma yetu ya kwanza

Winfred, nimekwisha. Nimejifungia ndani ya choo cha jikoni.

Unakumbuka ile ngoma ya kwanza bendi yetu ilitoa mwaka juzi, ile ya rock? Unakumbuka mwanzo, mwanamke anafoka "Yalla, Imakolata, yalla", yaani fanya haraka, halafu gitaa ya Kevin inaingia?

Ni madam wangu, ninayemfanyia kazi za nyumbani hapa Malaz, Riyadh. Nilimrekodi akinigombeza juu ya pasi, nikamtumia Kevin kule Jeddah acheke tu. Mjinga akaiweka kwenye ngoma. Nikanyamaza, kwani nani angeisikia Riyadh?

Leo mchana binti yake ameicheza kwa simu tukiwa mezani. Eti iko kila mahali TikTok.

Madam akaacha kula. Akasema, "Rudisha." Ikarudishwa mara tatu, Win. Mara tatu. Akaniangalia. "Mimi huongea hivi?"

Nikasema sijui. Na ni yeye pekee duniani huniita Imakolata.

Nimemwambia Kevin aitoe. Anasema watu wanapenda hapo kwa madam kuliko ninapoimba.

Ngoja, ananiita.

Win, amesema "Emmaculate". Polepole, herufi zote. Miaka mitatu hajawahi kulitamka jina langu sawa. Naogopa kufungua mlango.