Folda Yenye Nukta

Jumapili, Homa Bay

"Nimekopi kila kitu," anasema. Kila kitu! Kaka yangu Ochieng amefuta mfumo wa Linux kwenye laptopu yangu na kuweka Windows bila kuniuliza. Imepotea mipangilio yote ya kuingia kwenye kompyuta ya ofisi kule Migori. Ilikuwa ndani ya folda ambayo jina lake linaanza na nukta, na Linux huficha folda za namna hiyo. Kwa Ochieng, asichokiona hakipo.

"Nyaminwa, dada yangu, tulia. Hata ningeikopi, programu ya Windows haingeisoma. Yenyewe huweka mipangilio kwenye rejista, hifadhi ya ndani ya Windows."

Ni kweli, na ndiyo maana nilitamani kumrushia sufuria.

Meneja alinikubalia kufanyia kazi hapa nyumbani kwa shingo upande. Nikimwomba upya anwani ya kompyuta hiyo, atasema kile anachongoja kusema: rudi Migori. Na nani atamgeuza Mama kitandani, naye amevunjika nyonga? Huyu bwana Tulia?

Mama alisikia kelele. "Kwani unaenda?"

"Siendi popote, Mama."

Sina hakika. Kesho asubuhi, kabla sijampigia meneja, Ochieng atajifunza kumgeuza Mama.