Kuku Kumi na Mmoja wa Shimoni

Jumatano, 3 Julai 2024

Leo tumetoa kuku kwenye keji. Banda zima la Bosi. Vibarua sita, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Unashika miguu, unavuta, unatupa kwenye kreti. Bawa likivunjika unasikia tu. Mnunuzi ana haraka, anapeleka kwenye mabaa. Vumbi mpaka sasa liko kooni.

Kumi na mmoja kawakataa. Nyuma kumetoka nje, kizazi kinaning'inia, chekundu, wengine wamedonolewa na wenzao. Anasema mteja akiwaona hawa bia haishuki. Watu wakacheka. Wilbert msimamizi akaniambia, Mzee wa Singida, hao tupa shimoni, mwagia chokaa.

Nikauliza, wazima hivi hivi?

Akasema, aisee mzee, kwani watakushitaki?

Nimewatia kwenye viroba viwili, nimefunga kwenye baiskeli, nimeshuka nao mpaka hapa kwangu Shirimatunda. Sikuwaonea huruma. Naandika peke yangu, nimdanganye nani? Nilikasirika tu. Mwaka na nusu wanataga juu ya waya, halafu chokaa!

Digna naye hivyo hivyo. Miaka nane mke wangu kaokota mayai banda lile, vumbi lile. Kifua kikamla. Mwezi wa pili nimemzika. Bosi akatuma rambirambi. Trei tatu za mayai. Yote yana ufa.

Ufa!

Alhamisi, 4 Julai

Mmoja amekufa asubuhi. Kumi.

Hawajui kutembea. Nimewaweka uani, wanasimama kwenye udongo kama mtu aliyekanyaga bati la moto. Kuchakura hawajui. Kuku! Kwetu kifaranga cha siku mbili kinachakura. Hawa wanasubiri chakula kipite mbele ya mdomo, na mdomo wenyewe umekatwa.

Mama Shani wa chumba cha pili kachungulia. Hata salamu hakuna. Kasema, we baba, kwenu Singida kuku wamejaa mpaka wanauzwa barabarani, huku umekuja kuokota walemavu? Nikamwambia pita. Hakupita. Kamwona mmoja shingo yote haina unyoya, kasema huyu Misi Tanzania. Sasa jina limeshika. Misi.

Baridi ya mlima mwezi huu haina adabu, na wao wako uchi. Jua lilipozama wakaanza kulia. Wanapandana, wa chini anakosa hewa. Giza hawalijui. Kule taa inawaka saa kumi na sita kwa siku, watage. Nimefunga balbu stoo wanakolala. Wakanyamaza.

Jumamosi, 6 Julai

Misi yai limemkwama. Kasimama wima kama askari, mkia chini, anakamua, hakuna kitu. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, chumvi kidogo, nikamkalisha nusu saa. Halafu mafuta ya alizeti, yale dada aliyonitumia toka nyumbani. Kidole kimoja, taratibu. Mama yangu alikuwa anafanya hivi, nilimwona.

Limetoka. Halina ganda! Laini kama puto la maji. Limepasukia mkononi.

Siku nzima hiyo ndiyo kazi. Huyu anakamua, yule anakamua. Wamebaki mifupa na bado wanataga. Nimewafokea: acheni! Nani kawaambia mtage? Mama Shani kasikia, kacheka mpaka kakaa chini.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani sijaenda. Wawili wamekufa. Nimechimba mwenyewe. Chokaa sikuweka.

Jumanne, 9 Julai

Mwingine. Saba. Nimempasua nione. Yai limepasukia ndani, tumbo zima njano, linanuka. Nalisha, nasafisha, nachemsha maji, mkaa unaisha, na wanakufa tu! Nimepiga teke beseni. Limepasuka. Sasa sina beseni.

Mama Shani kaniazima lake. Kasema kwa sharti moja: usilirudishe.

Kazini leo zege, mtaa wa Soweto, ghorofa ya mtu. Wenzangu wanasema nanuka banda. Ndiyo, nanuka. Haya.

Alhamisi, 11 Julai

Bwana mifugo kaja, Filemon, kijana mdogo. Alikuwa anapita kwa wenye ng'ombe nikamvuta. Shikamoo, mikono miwili, adabu anayo. Kapapasa tumbo la kila kuku. Mwenye kizazi nje kasema osha, paka sukari, uvimbe unanywea, halafu rudisha ndani, mtenge na wenzake, akae gizani.

Nikasema giza wanaliogopa.

Akaangalia juu. Akaiona balbu. Akauliza, mzee, hii inawaka usiku kucha?

Nikasema ndiyo, wapate joto.

Akanieleza kwa upole. Bora angenitukana. Anasema mwanga ndiyo unawatagisha. Kuku akiona mwanga mwili unajua mchana bado, unatengeneza yai lingine. Mfupa umeisha, ganda litoke wapi? Linakuja laini, linakwama, anakufa. Kule kwa Bosi walipata mwanga saa kumi na sita. Kwangu mimi ishirini na nne.

Ishirini na nne!

Bosi alikuwa anawaua polepole. Mimi nimeharakisha. Wale watatu ni wangu. Nimewaua na huruma yangu. Haya, nimeandika, ilikuwa huruma. Mpumbavu mkubwa. Wiki nzima namtukana Bosi, kumbe taa yake nimeibeba nimekuja kuifunga kwangu.

Filemon kaacha dawa, na chokaa ya mifugo kidogo ya kuchanganya kwenye pumba, mfupa urudi. Kasema wewe ungejuaje, mzee.

Balbu nimeitoa. Mama Shani kaichukua, kasema beseni limelipwa.

Ijumaa, 12 Julai

Wamelia sana jioni. Nimekaa mlangoni kwao mpaka wakanyamaza.

Jumatatu, 22 Julai

Mmoja alikufa wiki iliyopita. Sita.

Lakini siku ya nne leo hakuna yai. Hata moja! Wenzangu wote wanaomba kuku watage, mimi naomba waache.

Saa nne jua limetoka. Misi kalala ubavu kwenye vumbi pale ukutani, miguu juu. Nikajua ndiyo basi. Nimekimbia na koleo mkononi. Kumbe anaoga! Anajirushia vumbi mgongoni, mgongo wenyewe hauna unyoya. Nani kamfundisha? Nimemtukana mpaka Mama Shani katoka kuangalia nani amekuja.

Jumatano, 24 Julai

Wilbert kaja na pikipiki. Kaleta na pombe ya mbege kwenye chupa, nikajua kuna jambo.

Mitetea wapya elfu mbili wanafika Ijumaa. Bosi anataka mtu wa kudumu. Mkataba, na chumba pale pale. Nafasi ya Digna. Kaitaja kama kiti kilicho wazi.

Miaka kumi na moja mimi kibarua. Kila asubuhi unasimama barabarani, unachaguliwa kama ndizi sokoni. Mgongo umeisha. Kazi ile naitaka. Naandika wazi, naitaka.

Halafu Wilbert kaangalia stoo. Kasema sheria unaijua, mzee. Mfanyakazi wa banda hafugi kuku kwake, hata mmoja, ataleta ugonjwa.

Nikamwambia hawa ni wa Bosi! Huo ugonjwa wameutoa kwa Bosi!

Kasema aisee, mimi sikuitunga. Wachinje kesho, Ijumaa saa moja nakupitia. Kapaza na sauti: Mama Shani, kesho una kitoweo!

Mama Shani akajibu ndani kwake: Mimi nakula kuku, sili mgonjwa wa mtu.

Wilbert kanywa mbege yake yote mwenyewe, kaondoka. Wamalize, anasema. Sheria! Mimi wakati nawatoa nimepakwa mavi yao mpaka masikioni hakuna aliyetaja sheria. Digna anakohoa damu hakuna aliyetaja sheria. Kuku sita, ndiyo sheria imefika. Imepanda na pikipiki.

Alhamisi, 25 Julai

Nimenoa kisu. Nimekiweka. Nimenoa tena.

Jioni wamepanda wenyewe kwenye fito nilizowafungia stoo walalie. Wiki mbili nawapandisha kwa mkono wanashuka. Leo wamepanda, sita, mstari mmoja. Wamechagua siku!

Kesho asubuhi. Kuku sita ni dakika kumi.

Ijumaa, 26 Julai

Nimeamka kumi na moja na nusu. Nimevaa, begi nimefunga. Kisu nimechukua. Nimefungua stoo, watano wakatoka. Misi hakutoka. Kasimama wima pembeni, mkia chini, anakamua. Siku kumi na tano hana taa na bado mwili unakumbuka kazi ya watu!

Nikasema basi naanza na wewe. Nimemshika miguu. Mkono mwingine ukaenda tumboni, sikuutuma. Yai lipo. Nimebonyeza kidogo. Lina ganda. Gumu! Tangu wafike hapa hakuna aliyetoa gumu.

Nimewasha jiko.

Sasa yuko kwenye beseni mapajani kwangu. Naandika na mkono mmoja, wa pili una mafuta. Suruali ya kazi imelowa yote.

Saa moja. Wilbert yuko nje anapiga honi. Mama Shani kamwambia dirishani, mzee ana mzazi humu, subiri. Kuna watu wamecheka huko.

Wilbert anaita, mzee, lori limefika! Getini wamejaa wanaitaka hiyo nafasi, nimpe nani?

Nimemwambia subiri.

Anasema, umewamaliza?

Limesogea, naliona, jeupe. Nikimwacha sasa hivi linarudi, linapasukia ndani. Honi tena. Anasema anahesabu mpaka kumi anaondoka. Hesabu! Hesabu, Wilbert, shule umesoma. Kamua, mama. Usiangalie mlango, mimi siendi popote. Taratibu. Tena kidogo