Kikohozi cha Simfoni ya Tatu

Hukuwa na piano. Hukuwa na mwalimu wa muziki, wala cheti cha shule ya usiku kama hiki changu kilichotundikwa sebuleni. Hukuwa na kiti chenye mgongo; ulimsikiliza Beethoven ukiwa umekaa kwenye kigoda cha cherehani, nguo ya mteja mapajani. Hukuwa na subira na mtu anayeongea muziki ukipigwa. Leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, mke wangu, na sasa sisi ndio tusio na wewe.

Wengi wanakukumbuka ukiwa mlangoni pa chumba chako cha ushonaji, pini mdomoni. Hukumrudisha mtu aliyechanikiwa nguo asubuhi ya usaili wa kazi. Ulimshonea akiwa amesimama, ukamwambia aende akaichukue kazi yake. Hayo yanajulikana. Wasioujua ni ubishi wetu wa Jumapili.

Simfoni zote tisa tulikuwa nazo mara mbili. Seti yangu niliinunua nilipofaulu mtihani wa mwisho: imerekodiwa studio, safi, kila fidla mahali pake. Yako uliachiwa na mteja wako, mwalimu wa muziki aliyehama. Ilirekodiwa ukumbini mbele ya watu, na okestra ilikuwa na kiongozi mwingine. Kiongozi wangu ulimbatiza Bwana Pasi. "Amenyoosha mpaka mshono hauonekani," ulisema. Wako nilimwita Mzee Polepole, kwa sababu sehemu ya pili ya simfoni ya tatu, ile ya maziko, aliikokota hadi chai ikapoa.

Nilikusomea kitabuni kasi inayotakiwa. Ulisikiliza, ukakata uzi kwa meno, ukasema, "Hata mimi naandikiwa vipimo, mzee msomi. Lakini mtu atapumua ndani ya gauni."

Kwenye ya saba nilikushinda, nawe ulikubali: pale Pasi anacheza, Polepole anaburuta miguu. Ila ya tatu hukuniachia kamwe. Karibu na mwisho wa sehemu ile ya maziko, wimbo unakatika vipande vipande, kama mtu anayesema huku akimeza machozi, na kati ya vipande kuna ukimya. Katika ukimya mmojawapo, kwenye santuri yako, mtu ukumbini anakohoa.

"Msikie huyo," nilikuwa nikisema. "Ameharibu kazi ya watu wote."

"Amekata tiketi kama wenzake. Alikuja na kifua chake hivyo hivyo, hakutaka kukosa. Mwache mwenzangu."

Wajukuu wakampa jina: Mwenzake Bibi. Na kifua chako kilipoanza kukubana, ulijizuia, leso mdomoni, mpaka ukimya ule ufike. Hapo mkakohoa pamoja, wewe na yeye, ukanitazama na kucheka. Siku hizo sikumsema tena.

Santuri hiyo imechakaa. Sindano inaruka pale pale ulipopapenda. Basi mwanao mkubwa akatafuta toleo jipya la onyesho lile lile, na kiongozi yule yule. "Baba, hii wameisafisha, haina hata mkwaruzo," aliniambia, amefurahi. Jumapili iliyopita tukakaa sote kusikiliza, kigoda chako tukakiacha wazi. Wimbo ukaanza kukatika. Ukimya ukaja, ukapita.

"Babu," akanong'ona mjukuu wetu mdogo, "Mwenzake Bibi mbona hajaja?"

Dada yako ndiye aliyejibu. "Wamemtoa ukumbini, mjukuu wangu."

Muziki ukaendelea hadi mwisho. Kisha mimi, wakili wa Bwana Pasi miaka yote hiyo, nikaomba karatasi.

Nimeiandikia kampuni iliyotoa toleo hilo. Nimewaeleza kwamba sauti waliyoiona uchafu ndiyo mahali ambapo nyumba hii ilizoea kukusikia wewe. Nimewaomba watafute kanda ya mwanzo, watupatie nakala jinsi jioni ile ilivyokuwa, kikohozi kikiwemo. Sijui kama bado wanayo. Nimeandika kwa heshima, na bila kosa hata moja. Ungenitania kwa hilo.

Chini tumetia saini sote tunaokukumbuka: mimi mumeo, mwanao fundi umeme pamoja na mkewe, kisha binti yako muuguzi, dada yako mkubwa, wasichana wawili uliowafundisha cherehani, na wajukuu wako, mdogo wao akiwa amechora mdomo uliofunikwa kwa leso. Maadamu yupo mtu wa kuweka muziki katika nyumba hii, wewe utakuwamo.

Bahasha nimeipaka gundi mwenyewe. Dada yako akaulaza mkasi wako mzito juu yake mpaka ikashika, na asubuhi ya leo tumeipeleka posta. Tulisimama hapo hadi tukaisikia ikigonga ndani ya sanduku la barua.