Soda ya Machungwa Ndani ya Mkate

Wambui mjukuu wangu,

Hujambo huko Texas? Sisi hapa Brooklyn Park tupo, ingawa baridi imeniingia magotini, na mamako anafanya zamu mbili, tunaonana mlangoni tu. Umeniuliza kwa nini nyumba ya Wakikuyu inaoka mkate wa Waairishi. Wacha nikueleze kabla sijasinzia.

Nilipofika nchi hii nikiwa bado msichana, nilimtunza bibi mmoja Mwairishi kule Saint Paul. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo yeye alisema, mimi nikachanganya. Unga, chumvi, maziwa lala. Kisha akasema, "Sasa tia soda." Nikaenda kwenye friji, nikafungua chupa ya soda ya machungwa, nikamimina. Kwetu soda ni ipi nyingine?

Mkate ulitoka mzito, mgumu, rangi ya machungwa. Nikangoja kufukuzwa. Bibi alikata kipande, akapaka siagi, akala polepole mpaka akamaliza. Ndipo akaniambia, "Ile ya chupa hapa tunaiita pop. Soda niliyotaka ni ule unga mweupe wa kuumulia mkate. Kesho tutaoka tena."

Tulioka kila Jumamosi mpaka alipofariki. Yalikuwa mapishi ya mama yake, na watoto wake hawakuwahi kumuuliza.

Wewe umeuliza. Vidole vyangu siku hizi havikunjiki vizuri, Wambui. Njoo Krismasi, mimi nitasema, wewe utachanganya. Hata ukikosea, nitaula mkate wako.

Ni mimi shosho wako, niliyechoka lakini nakungoja.