Samaki wa Kwetu Waliokataa Sufuria

Tottenham, London
14 Novemba 2003

Mpendwa dada Generosa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima, na namshukuru Mungu kwamba leo naandika neno hilo bila kukudanganya. Wewe na watoto hapo kambi ya wakimbizi mnaendeleaje? Kikohozi cha Serge kimepona?

Najua umekasirika. Jumapili Baba alikuuliza mara tatu umekula nini, kisha akakata simu hata hamjasalimiana vizuri. Tulia nikueleze.

Tangu afike huku, Baba alikuwa hali chakula. Nilimpikia sombe ya majani ya muhogo, nikampikia kuku, anaonja kidogo na kusema ameshiba. Suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Daktari alimpima asione ugonjwa. Mimi nikasema moyoni, huyu ana hamu ya samaki wa kwetu.

Basi siku moja, nikitoka kusafisha ofisi kule Tooting, nikaona dirishani pa duka samaki wa Ziwa Tanganyika wazima wakiogelea, wale wa mistari wenye nundu kichwani! Nikaingia mbio nikaomba wawili wakubwa. Mwenye duka, Mhindi wa Kisumu aitwaye Harish, akaniuliza kwa Kiswahili tangi langu ni kubwa kiasi gani. Nikamjibu nina sufuria. Maskini, alishika kichwa! Akasema samaki hao hawapatikani ziwa jingine lolote duniani, na huku watu huwafuga wawatazame tu. Alipomaliza kucheka, akaniambia nimlete mzee awaone.

Nikampeleka. Baba alisimama mbele ya kioo. Harish akamwonyesha jike mwenye mashavu yaliyovimba, akamweleza kwamba amebeba watoto kinywani, ndiyo maana hali chochote. Baba akaanza kulia pale pale dukani. Akaniambia na yeye ni hivyo hivyo: tangu asikie, mara alipofika huku, kwamba posho ya kambini imepunguzwa, kila tonge linamkwama kooni kwa ajili yako na wajukuu. Na mimi nahangaika na samaki!

Ndipo nikanunua kadi ya simu. Wewe ukamjibu ugali na ndagala, wale dagaa wa kwetu, tena huku unatafuna. Alipokata simu alivuta sahani, akaimaliza, akaomba nyingine. Nilikimbilia jikoni kulia kwa furaha, dada yangu.

Mwanangu Keren anakusalimu kwa Kiingereza chake. Baba naye anasema, siku nyingine tukikupigia, anza na ulichokula, salamu zitafuata.

Mdogo wako akupendaye,
Marie-Claire