Kisima Kikavu cha Pundanhar

Jumatatu, 3 Februari
Nimefungua zahanati ya kambi asubuhi. Macho mekundu, kuhara, jipu moja. Mvua haikatiki. Bomba la kuchimbia limenasa tena ardhini, mashine zimezimwa, wanaume wamekaa chini ya turubai wanautazama mnara kama wanangoja mgonjwa azinduke. Kampuni yetu ndogo ya kutafuta mafuta: mnara wa kukodi, gari moja, muuguzi mmoja. Mimi. Kisima cha kwanza hakikutoa kitu. Hiki kikiwa kikavu, wanafunga kampuni.

Jumatano, 5 Februari
Anselmo amekuja, kidole kimevimba. Mmakonde wa Diaca, kazi yake kufunga na kufungua mabomba pale juu ya jukwaa la mnara. Kidole kimevunjika. Nimekifunga na kijiti, nimemwambia apumzike.

"Dada Saida, mafuta yakitoka tutapata kazi ya kudumu. Nikilala leo, kesho wataweka mwingine."

Nimekwenda kwa chefe mwenyewe, mkuu wa kambi. Mgeni, Kireno chake cha kubahatisha kama changu cha shule. Amekubali: Anselmo asipande mpaka kidole kipone. Nimerudi nimefurahi. Anselmo amenuna, hanisalimii.

Alhamisi, 6 Februari
Bomba limenasuka. Wamechimba mchana kutwa. Tope linalopanda juu halina hata harufu ya mafuta. Chefe kafoka kwenye simu ya setilaiti, kisha katoka nje, kasimama mvuani. Namchukia. Namwonea huruma pia, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni bomba limenasa tena.

Ijumaa, 7 Februari
Wawili wameamka na malaria, watu wamepungua. Nilipotoka zahanati nikamwona Anselmo jukwaani, kile kidole kimesimama peke yake. Nikamkimbilia chefe.

"Uliniahidi."

"Kidogo tu, muuguzi. Tukilivuta hili, tumepona."

Walilivuta kwa nguvu zote za mashine. Mnara ukalia. Kamba ya chuma ikakatika, ikampiga Anselmo tumboni.

Damu kidogo tu nje. Yote ilikuwa ndani. Tumbo gumu kama ubao. Nikamtundikia dripu, tukampakia garini twende hospitali ya Palma. Makampuni ya gesi kule pwani yana helikopta. Sisi tuna gari, na gari likazama kwenye tope. Wenzake wakasukuma, magoti yote matopeni, wakiimba ili wasilie. Likatoka, likazama mbele tena.

Alinishika mkono. Alisema ana kiu. Sikumpa maji, ndivyo tulivyofundishwa kwa mtu aliyeumia tumbo. Alikufa hatujafika Palma.

Bora ningempa maji.

Jumamosi, 8 Februari
Wenzake wamempeleka kwao. Mimi nimerudishwa kambini kwa ajili ya wenye malaria. Sijala.

Jumatatu, 10 Februari
Wamefunga kamba mpya. Wanachimba! Chefe anasema tukiacha sasa, Anselmo atakuwa amekufa bure. Nimemwambia amekufa bure tayari. Akanipa mgongo, akarudi mnarani. Hata wanaume hawakunitazama. Wanaitaka kazi ile ile aliyoitaka yeye, na siwezi kuwalaumu.

Alhamisi, 13 Februari
Maji ya chumvi. Basi. Wamefika chini kabisa walikotaka kufika, ni maji ya chumvi.

Wanamwaga saruji kwenye shimo. Mnara unafunguliwa vipande vipande. Chefe kaja zahanati kuomba dawa ya kichwa. Nimempa. Aliimeza hapo hapo. Kisha akaondoka.

Jumapili, 16 Februari
Nimefika Diaca, kwao Anselmo. Hakuna aliyenituma. Mama yake Anselmo alinikaribisha kwenye mkeka, akamwita jirani atutafsirie, kisha akamwondoa tubaki wawili. Kiswahili chake kidogo kilitosha.

"Wameyapata mafuta?"

"Hapana, mama. Hamna kitu."

Akatikisa kichwa polepole, kana kwamba nimemwambia habari za mvua. Nikasubiri anilaani. Nilikuja tayari kwa hilo.

"Nani alimfumba macho?"

"Mimi, mama."

Akaitwaa mikono yangu miwili, akaigeuza, akaitazama ndani na nje. Muda mrefu. Kisha akainuka, akaepua chungu.

"Kaa. Ule."

Ugali na kisamvu. Tulikula sahani moja.